Ghala Lenye Sheria, Lugha Isiyo na Hadhi: Historia ya Ulinzi wa Utamaduni wa Asturias, Kaskazini mwa Uhispania

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya vitu viwili vya jimbo la Asturias: ghala la nafaka linaloitwa horru, na lugha ya Kiasturia ambayo ndiyo iliyolipa ghala hilo majina ya sehemu zake zote. Ghala lilipata ulinzi wa sheria mwaka 1973. Lugha iliahidiwa “ulinzi” mwaka 1981, lakini mpaka leo si lugha rasmi. Tunadai kwamba dhana ya ulinzi ilibuniwa kwa ajili ya majengo, na kwamba ilipohamishiwa kwenye lugha bila utambuzi wa kisheria iliifanya lugha hiyo itazamwe kama masalio, hata pale ilipokuwa bado inafanya kazi.

Utangulizi

Tarehe 22 Februari 1973, Uhispania ikiwa bado chini ya utawala wa Jenerali Francisco Franco, serikali ilitoa Amri Na. 449 iliyoyaweka chini ya ulinzi wa dola maghala ya kale ya Asturias na Galicia yenye umri usiopungua miaka 100. Tangu hapo mkulima aliyerithi ghala la babu yake hakuwa tena na uhuru wa kulibomoa, kulibadili umbo wala kulihamisha pasipo idhini. Nguzo, mawe, mbao na ngazi za ghala hilo vikawa mali ya historia. Maneno ambayo mkulima huyo alitumia kuzitaja nguzo na mbao hizo hayakuwa mali ya mtu yeyote. Mtoto wake akiyatamka darasani alisahihishwa.

Historia ya sera za lugha huandikwa kwa kawaida kuanzia kwenye lugha yenyewe. Katika makala hii tumeona ni vyema kuanzia kwenye ghala, kwa sababu ndilo linaloonyesha waziwazi sheria inaweza kulinda nini na haiwezi kulinda nini. Wakati amri ile inatolewa, maghala mengi yalikwisha kupoteza kazi yake ya asili au yalikuwa yanaipoteza. Kilicholindwa kilikuwa umbo.

Nchi iliyo nyuma ya milima

Asturias ni ukanda mwembamba wa ardhi kati ya Bahari ya Cantabria na safu ya milima yenye jina hilohilo, ambayo kilele chake kirefu zaidi kinakaribia mita 2,650. Mvua ni nyingi, mabonde ni ya kijani mwaka mzima, na watu wake ni takribani milioni moja. Jimbo limegawanyika katika halmashauri 78, ambazo kwa lugha ya huko huitwa conceyos, yaani mabaraza; jina linalokumbusha enzi ambazo wakazi walikutana wenyewe kuamua mambo ya njia, malisho na maji.

Katika historia rasmi ya Uhispania, Asturias ni jina kubwa. Wanahistoria kwa desturi huitaja vita ya Covadonga, inayowekwa mwaka 722, kuwa chanzo cha ufalme wa kwanza wa Kikristo baada ya Waislamu kuitwaa sehemu kubwa ya rasi ya Iberia. Ufalme huo ulipopanuka kusini, mwaka 910 makao yake yalihamia León, ng’ambo ya milima, na Asturias ikabaki nyuma. Tangu mwaka 1388 mrithi wa kiti cha ufalme wa Castilla, na baadaye wa Uhispania yote, hubeba cheo cha Mwanamfalme wa Asturias. Jina la nchi likapanda hadi ikulu. Lugha ya nchi ikabaki kijijini.

Jambo moja la kiisimu linapaswa kuwekwa sawa mapema, kwa kuwa limewapotosha wengi. Kiasturia si Kikastilia (lugha ambayo ulimwengu huiita Kihispania) kilichoharibika. Lugha hizi mbili ni ndugu: zote zimetokana na Kilatini, kila moja kwa njia yake. Ramón Menéndez Pidal, katika utafiti wake wa mwaka 1906, aliiweka lugha ya Asturias pamoja na ile ya León katika kundi moja linaloanzia pwani ya kaskazini na kushuka hadi ndani ya Ureno. Kwamba kichwa cha utafiti wenyewe kiliitaja kuwa “lahaja” ni jambo tutakalolirudia kwa njia nyingine.

Ghala la miguu

Horru ni chumba cha mbao chenye umbo la mraba, kilichoinuliwa juu ya nguzo nne zinazoitwa pegollos. Kati ya nguzo na boriti huwekwa jiwe bapa lililotokeza pande zote; panya akipanda nguzo hufika kwenye jiwe hilo na kukwama. Ngazi ya mawe, subidoria, haigusi ghala: huishia hatua moja kabla ya mlango, na mtu huvuka pengo hilo kwa kuinua mguu. Mbao zake, aghalabu za mwaloni na mchestinati, huunganishwa kwa kupachikana bila misumari. Kwa hiyo ghala zima linaweza kufumuliwa kipande kwa kipande, kubebwa kwa mikokoteni na kusimamishwa upya mahali pengine.

Sifa hiyo ya ufundi ilizaa sifa ya kisheria. Kwa mila ya Waasturia ghala lilihesabiwa kuwa mali inayohamishika. Liliweza kuuzwa bila ardhi lilimosimama, na liliweza kurithiwa kwa mafungu, ndugu wanne wakiwa na pembe nne za ghala moja. Mpelelezi wa masuala ya umiliki wa mali Afrika Mashariki, anayejua mnazi unavyoweza kuwa na mwenyewe na shamba likawa na mwingine, hatashangazwa na mila hii. Mwanasheria wa mjini Madrid huenda ikamsumbua.

Mahindi ndiyo yaliyolibadili ghala. Masimulizi ya huko yanamtaja Gonzalo Méndez de Cancio, mwenyeji wa Tapia aliyekuwa gavana wa Florida, kuwa ndiye aliyerudi nyumbani na mbegu mwanzoni mwa karne ya 17. Iwe ni yeye au la, katika karne hiyo mahindi yalienea kwenye mabonde yale yenye mvua, ambako ngano ilikuwa ikiteseka. Mavuno yaliongezeka, na ghala la nguzo nne likawa dogo. Ndipo lilipoenea umbo kubwa zaidi, panera, lenye nguzo sita au zaidi, pamoja na roshani ya mbao inayozunguka nje ambako mashada ya mahindi yaliyosukwa kwa maganda yake, riestres, yalitundikwa yakauke kwa upepo. Ni zao lilelile la Amerika ambalo kwa mikono mingine, ya Wareno, lilifika pwani yetu na hatimaye likawa ugali wetu wa kila siku. Huko nako, kama huku, watu walisahau upesi kwamba lilikuwa geni.

Kazi za pamoja na maneno yake

Kusuka mashada ya mahindi kulikuwa na jina lake: esfoyaza. Usiku wa majira ya kupukutika majani, baada ya mavuno, majirani walikusanyika nyumba hii leo na nyumba ile kesho, wakaketi kuzunguka rundo la mahindi, wakamenya maganda ya nje na kuyasuka yaliyobaki. Hadithi zilisimuliwa, nyimbo ziliimbwa, vijana walichumbiana chini ya macho ya wazee waliojifanya hawaoni. Mwishoni mwenye nyumba alitoa garulla, yaani chestinati, njugu za miti na matunda. Hakuna aliyelipwa, kila mmoja alijua kwamba zamu yake ingefika.

Kulikuwa na aina nyingine mbili za kazi, na Kiasturia kilizitenganisha kwa makini. Andecha ilikuwa msaada wa hiari kwa jirani mwenye kazi iliyomzidi, kama kukata nyasi au kuvuna, naye aliwalisha waliokuja. Sestaferia ilikuwa kazi ya lazima kwa manufaa ya wote: kila kaya ilitoa mtu wa kwenda kutengeneza njia na vivuko. Msomaji wa Tanzania atatambua tofauti baina ya ujima na msaragambo, na atatambua pia kwamba tofauti hiyo si ya maneno tu. Ndani yake mna nadharia nzima ya nani anamdai nani.

Neno sestaferia lenyewe ni nyaraka ya historia. Limetokana na Kilatini cha Kanisa kilichozitaja siku kwa hesabu, Ijumaa ikiwa “siku ya sita”, kama Wareno wanavyoiita mpaka leo. Katika Kiasturia cha kawaida Ijumaa ina jina jingine, lililotokana na mungu wa kike wa Warumi, Venus. Hesabu ya Kanisa ilibaki imejificha ndani ya jina la kazi ya barabara. (Sisi tunaohesabu siku zetu mosi, pili, tatu baada ya Ijumaa tunaijua tabia hii ya lugha, ya kuhifadhi kalenda moja ndani ya nyingine.) Sheria ya kulinda majengo haiwezi kulifikia neno la namna hii. Halina nguzo.

Karne ya 19 na ya 20 ziliiondolea mifumo hii watu. Maelfu walivuka bahari kwenda Cuba na Argentina. Waliorudi na mali, indianos, walijenga nyumba za kifahari na kupanda mtende mbele ya lango, na miti hiyo bado inaonekana ikisimama ovyo katikati ya mvua. Wengine walishuka kwenye migodi ya makaa ya mawe katika mabonde ya Nalón na Caudal. Itakuwa makosa kudhani kwamba mgodi uliua lugha. Wachimbaji walioasi Oktoba 1934 na kukandamizwa na jeshi, na wale waliogoma mwaka 1962 chini ya udikteta, walikuwa kwa sehemu kubwa watoto wa vijiji vilevile, na Kiasturia, kikiwa kimechanganyika sana na Kikastilia, kilikuwa lugha ya shimoni. Shule ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi ya mgodi katika jambo hili.

“Maziwa baridi” na kalamu nyekundu

Nitakaa kidogo kwenye kipengele kimoja cha sarufi, kwa sababu wanaisimu wa Kiswahili wako katika nafasi nzuri kuliko wengi ya kukielewa.

Kikastilia kina jinsi mbili za kisarufi, ya kiume na ya kike, na kivumishi hufuata jinsi ya nomino. Kiasturia nacho kina jinsi hizo. Ila Kiasturia cha kati kina upatanisho wa tatu, unaohusu vitu visivyohesabika: maziwa, unga, chuma, nywele kama wingi usiogawanyika. Nyumba ni ya kike, na nyumba ikiwa baridi husemwa la casa ta fría, kivumishi kikiishia kwa -a. Maziwa nayo ni ya kike. Hata hivyo maziwa yakiwa baridi husemwa la lleche ta frío, kivumishi kikiishia kwa -o. Si kwamba maziwa yamegeuka kuwa ya kiume. Ni kwamba kivumishi kimepokea alama ya kutohesabika. Katika nomino chache tofauti hii huonekana hata ndani ya neno lenyewe: fierru ni kipande cha chuma, fierro ni chuma kama dutu, pelu ni unywele mmoja, pelo ni nywele.

Kwa mtu aliyekulia katika lugha ya ngeli, ambayo hutenganisha unywele na nywele na ambayo maji na maziwa yake yana upatanisho wa wingi usio na umoja, hili ni jambo la kupendeza wala si la ajabu. Kwa mwalimu wa Kikastilia lilikuwa kosa. Mtoto aliyeandika kwamba maziwa ni frío alionekana hajui hata kwamba neno “maziwa” ni la kike, jambo ambalo mtoto wa miaka mitatu wa Madrid analijua. Kalamu nyekundu ilipita juu ya kanuni nzima ya sarufi, na aliyeishika aliamini kwa nia njema kwamba anafundisha.

Ukaribu wa lugha mbili ndugu ndio uliokuwa hatari. Kibaski, ambacho hakina undugu unaojulikana na lugha yoyote iliyo hai, kilidharauliwa na kupigwa marufuku, lakini hakuna aliyeweza kusema ni Kikastilia kibovu. Kiasturia kiliweza kusemwa hivyo kila siku, katika kila daftari. Na mzungumzaji anayeambiwa kwamba hana lugha, ana makosa tu, hajui adai nini.

Kutoka kwa Jovellanos hadi Akademia

Isidhaniwe kwamba lugha hii haikuandikwa. Mwaka 1639 padri Antón de Marirreguera alitunga shairi juu ya ugomvi wa miji ya Oviedo na Mérida kuhusu masalia ya Mtakatifu Eulalia, na tangu hapo ushairi wa Kiasturia haukukatika. Mwishoni mwa karne ya 18 Gaspar Melchor de Jovellanos, mzaliwa wa Gijón na mmoja wa wanafikra wakubwa wa Uhispania wa zama zake, alipendekeza iundwe akademia ya Asturias na ikusanywe kamusi ya lugha yake. Dada yake, Xosefa, alitunga mashairi kwa lugha hiyo. Yeye mwenyewe aliandika kazi zake kubwa kwa Kikastilia, na sioni haja ya kumlaumu. Alikuwa waziri wa mfalme.

Katika barua alizomwandikia Antonio Ponz, Jovellanos aliwaeleza pia wafugaji wa magharibi ya Asturias waitwao vaqueiros d’alzada, waliohama na ng’ombe wao kati ya malisho ya kiangazi milimani na makazi ya chini wakati wa baridi. Wakulima waliwatenga. Kanisani walisimama nyuma, na katika kanisa la San Martín de Luiña bado kuna maandishi yanayoonyesha mpaka ambao hawakuruhusiwa kuuvuka wakati wa misa. Jovellanos alizikataa ngano zilizowapa watu hao asili ya kigeni na akaona kwamba ubaguzi huo hauna msingi. Tunalitaja hili kwa sababu utamaduni unaolindwa leo kwa jina la Asturias ulikuwa na mipaka yake ya ndani, na matamshi ya wafugaji hao wa magharibi ni sehemu ya suala la usanifishaji.

Pendekezo la akademia lilisubiri karibu karne mbili. Mwaka 1974, mwaka mmoja baada ya amri ya maghala, iliundwa jumuiya ya Conceyu Bable, Xosé Lluis García Arias akiwa miongoni mwa waasisi wake, na kaulimbiu yake ilidai lugha hiyo iingie shuleni. Tarehe 15 Desemba 1980 Akademia ya Lugha ya Kiasturia iliundwa kisheria, García Arias akawa rais wake wa kwanza. Mwaka 1981 ilitoa kanuni za tahajia, mwaka 1998 sarufi, na mwaka 2000 kamusi.

Akademia ilichagua lahaja ya kati kuwa msingi wa usanifu, kama vile mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulivyochagua Kiunguja. Wa magharibi walilalamika, kama washairi wa Mombasa walivyolalamika. Akademia iliwapa nafasi ya kuandika konsonanti yao kwa herufi ḷḷ, zenye nukta chini. Hata hivyo ulinganisho unaishia hapo. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilikuwa na serikali za kikoloni za nchi nne nyuma yake, na kitabu kisichopata ithibati yake kilikuwa na safari ngumu kuingia shuleni. Akademia ya Oviedo ilisanifisha lugha ambayo hakuna ofisi iliyolazimika kuitumia.

Neno “ulinzi” katika sheria

Katiba ya Uhispania ya mwaka 1978, katika Kifungu cha 3, inasema mambo matatu. Kikastilia ni lugha rasmi ya dola. Lugha nyingine za Uhispania zitakuwa rasmi pia katika majimbo yao, kwa mujibu wa sheria za mamlaka za ndani za majimbo hayo. Na utajiri wa tofauti za lugha nchini ni urithi wa utamaduni utakaopewa heshima na ulinzi wa pekee. Aya ya pili inatoa hadhi. Aya ya tatu inatoa ulinzi. Kikatalunya, Kibaski na Kigalisia viliingia kwa mlango wa aya ya pili. Asturias, ilipoandika Sheria yake ya Mamlaka ya Ndani ya tarehe 30 Desemba 1981, iliingia kwa mlango wa tatu. Kifungu chake cha 4 kinasema kwamba bable itapata ulinzi; matumizi yake, kuenezwa kwake katika vyombo vya habari na ufundishaji wake vitahimizwa; lahaja za mahali zitaheshimiwa, na kujifunza kutakuwa kwa hiari.

Kila neno hapa linastahili kupimwa. “Bable” ni jina lililopendwa na wasomi wa zamani, na wazungumzaji wengi huliona kuwa la kudunisha. Sheria Na. 1 ya tarehe 23 Machi 1998 ilijaribu kusuluhisha kwa kuandika “bable/asturiano”, na hivyo kuifanya lugha hii kuwa moja ya chache duniani zenye mkwaju katika jina lake la kisheria. “Lahaja za mahali” ni heshima njema, lakini hakuna aliyewahi kuona haja ya kuziwekea Kikastilia sharti kama hilo. Na “hiari” maana yake ni kwamba somo, lililoanza kufundishwa katika shule chache mwaka wa masomo 1984–85, linategemea ombi la mzazi. Mzazi ambaye mwenyewe aliambiwa shuleni kwamba hana lugha, ana makosa.

Sheria ya 1998 haikuwa bure. Iliruhusu mwananchi kuwasiliana na serikali ya jimbo kwa Kiasturia na mawasiliano hayo yakawa halali. Ilifungua pia njia ya kurejesha majina asilia ya mahali, na kwa utaratibu uliowekwa mwaka 2002 halmashauri moja baada ya nyingine zimeandika upya mabango yake. Gijón ni Xixón pia, Langreo ni Llangréu. Kazi hiyo ya majina ya mahali, kwa maoni yangu, ndiyo iliyofanikiwa zaidi katika historia yote ya sera hii, na sababu yake haipendezi: bango ni kitu. Linalindika kama ghala.

Tukilirudia ghala, tunakuta kwamba hata huko ulinzi umekuwa na kikomo. Ghala lililopigwa marufuku kubomolewa linaweza kuoza taratibu bila kuvunja sheria yoyote. Lisilo na mahindi halina wa kulikagua paa kila mwaka, na ndugu wanne wenye pembe nne hawakubaliani nani alipe fundi. Yaliyopona mara nyingi ni yale yaliyopata kazi nyingine: stoo, kivuli cha gari, mahali pa kulia chakula siku za jua. Washauri wa sera katika ukanda wetu, ambao Katiba ya Kenya ya 2010 kwa mfano imewakabidhi vitenzi “kukuza na kulinda” kwa ajili ya lugha za watu wa Kenya, watafanya vyema kuuliza kila kitenzi kimepewa ofisi gani na bajeti gani.

Ng’ambo ya mpaka

Kusini-magharibi, ndani ya Ureno, katika wilaya ya Miranda do Douro, maelfu machache ya watu wanazungumza Kimiranda. Kwa uainishaji wa kiisimu ni lugha ya kundi lilelile aliloliainisha Menéndez Pidal. Tarehe 29 Januari 1999, miezi kumi tu baada ya sheria ya Asturias, Ureno ilitoa Sheria Na. 7/99 iliyotambua rasmi haki za lugha za jamii ya Wamiranda. Nchi inayosifika kwa kuwa na lugha moja iliitambua lugha hii. Nchi yenye lugha rasmi kadhaa haikuitambua.

Utambuzi huo haukukiokoa Kimiranda. Vijana wanahamia Porto na Lisbon kama wa Asturias wanavyohamia Madrid, na idadi ya wazungumzaji wake ni ndogo mno kulinganisha na ya Kiasturia. Lakini swali moja limefungwa huko. Mbunge wa Ureno hasimami tena kuuliza kama Kimiranda ni lugha. Asturias swali hilo hufunguliwa upya kila bajeti, na nguvu za wasomi wake huishia katika kujibu kitu ambacho sayansi ilikwisha kukijibu.

Kura ya 27

Kuibadilisha Sheria ya 1981 kunahitaji tatu ya tano ya wabunge wa jimbo, yaani kura 27 kati ya 45. Mwaka 2021 vyama vilivyokubaliana kuifanya lugha kuwa rasmi vilikuwa na kura 26. Kura moja iliyosalia ilikuwa ya mbunge wa chama kidogo aliyeunga mkono urasmi lakini akaweka masharti, yakiwamo ya kupunguza kodi. Mazungumzo yalichukua miezi, mitaa ya Oviedo ikajaa waandamanaji, na kabla mwaka haujaisha makubaliano yakavunjika. Wapinzani walikuwa wamejenga hoja yao juu ya gharama na juu ya hofu ya kulazimishwa: kwamba daktari au karani angenyimwa ajira kwa kutojua lugha. Hoja hiyo haipaswi kudharauliwa, kwa kuwa iliwagusa watu wengi wanaoipenda lugha yenyewe wakiisikia kwa bibi zao.

Desemba 2024 UNESCO iliuingiza utamaduni wa saida, yaani mvinyo wa tufaha wa Asturias, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mmiminaji huinua chupa juu ya kichwa na kushusha bilauri chini kadiri mkono unavyofika. Kinachoangukia humo ni kidogo, culín, nacho hunywewa mara moja kabla povu halijafa. Tone la mwisho humwagwa sakafuni kupitia ukingo ambao midomo imegusa, na bilauri hiyohiyo hupewa mwingine. Msamiati wote wa desturi hii, kuanzia bustani ya matufaha hadi meza ya kilabu, ni wa Kiasturia. Mpaka mwaka huo ulipokwisha, Kifungu cha 4 kilikuwa bado kinasomeka kama kilivyoandikwa mwaka 1981.